Shangazi, kona ya chini ya ngazi imetugombanisha nyumba nzima

Shangazi, asalaam aleikum, natumai u mzima na watoto wote hawajambo. Mie nakuandikia kutoka Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni, na tafadhali usinicheke maana tatizo langu si la mume wala la mke mwenza, ni la kona. Ndio, kona ya sebule, umesoma sawa.

Nimeolewa huu mwaka wa tisa, tunakaa nyumba ya mawe ya zamani ya marehemu baba mkwe, ndugu wamegawana, shemeji na mkewe wako juu, sisi tuko chini. Sebule yetu wazijua nyumba hizi zilivyo, nyembamba ndefu kama mtumbwi, nimeipima kwa tepu ya fundi urefu futi 15 upana futi 8 na nusu basi. Sasa kule mwisho, mbali na dirisha, ndo ngazi ya kwenda kwa shemeji inapopita, mgongo wake umeingia ndani kwetu kwa hiyo dari la pale linashuka mshazari, upande mmoja kama futi 6, upande wa pili futi 3 tu. Chini yake imebaki kona ya futi 4 kwa futi 3 na nusu, si chumba si stoo, giza, na ukuta wa nyuma unapukutika unga mweupe kila siku nafagia kila siku upo.

Basi kila kitu kisichokuwa na mwenyewe kinaishia pale. Sasa hivi nikigeuza shingo naona feni mbovu, laifujaketi nne za boti ya mume, boksi la vigae vilivyobaki tangu tulipotengeneza choo, mwavuli, mtungi wa gesi wa akiba, ekstenshen ya TV, na baiskeli isiyokuwa na gurudumu la mbele ambayo wallahi sijui ni ya nani. Wageni wakija natundika leso juu ya kamba nafunika, lakini wanaona tu, nani asiyeona.

Ugomvi ulianza nilipotaka kuitengeneza. Mume wangu ataka aweke friza pale tuuze barafu na juisi baridi, asema ni kona ya bure kwa nini isilete pesa. Mavyaa wangu anakaa kwa bintiye Mkomani lakini Ijumaa yuko kwangu, yeye ataka kabati lake la vioo la tangu harusi yake lije likae pale na vyombo vyake, asema nyumba ni ya marehemu mumewe na kabati lina haki kuliko friza. Mie nimeona kochi la L kwa Instagram, rangi ya kijivu, zuri, lajaza kona lote halibakishi hata nafasi ya panya, fundi wa Mombasa aniambia shilingi 45,000, alafu niongeze gari mpaka Mokowe na boti ya kuvusha, na nshaanza kuweka pesa. Mume hanisemeshi vizuri tangu asikie. Mavyaa naye Ijumaa iliyopita alikunywa chai akasema "Haya, kila mtu na nyumba yake" akaondoka hata alasiri hajaswali kwangu.

Asiyekuwa na neno ni bintangu wa miaka 8, yeye akitoka chuoni, madrasa, anajikunja mle nyuma ya mtungi na kitabu chake na tochi ya simu, namtoa kila siku.

Nifanyeje shangazi? Friza, kabati, au kochi?

Niliyeshindwa na Kona, Langoni

---

Mwanangu wa Langoni, aleikum salaam warahmatullah. Nimecheka, nisikudanganye, ile baiskeli isiyokuwa na mwenyewe imenimaliza, maana kila nyumba ya Amu na Malindi inayo hiyo baiskeli.

Lakini kicheko kimekatika nilipofika kwa mtungi. Ukimaliza kusoma hapa, leo leo, usingoje mume arudi kutoka baharini, utoe mtungi wa gesi kwenye hiyo kona. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hairuki juu ikatoka dirishani, hulala chini sakafuni ikajaa mahali palipoinama pasipopita upepo, na hapo ndo mahali pako hasa, tena una ekstenshen pembeni inayoweza kutoa cheche na mtoto katikati ana kitabu. Hata mtungi unaoambiwa mtupu huwa una mabaki. Upeleke uani, kwenye uwazi, usimame wima kivulini, na ukienda kubadilisha mwingine usiurudishe ndani ati kwa sababu mvua. Hilo limekwisha, sasa tuongee.

Umeniuliza nichague moja kati ya matatu na mie sichagui hata moja, utanisamehe.

Tuanze na kochi lako manake najua ndo linalokuuma. Hizo sebule zetu zimekuwa nyembamba kwa sababu ya boriti. Dari la zamani limeshikwa na boriti za mkoko, na mti wa mkoko wa kubeba dari la mawe na chokaa huwezi kuurefusha utakavyo, ndo vyumba vikabaki na upana wa futi 8, 9 hivi nyumba baada ya nyumba, uende kwa tajiri uende kwa maskini. Waliojenga walijua, hawakusukuma masamani kwenye kona, kabati lao lilikuwa ukuta wenyewe, zile zidaka unazoziona ndani ya ukuta, sahani na vitabu vinakaa humo na sakafu inabaki ya watu. Kochi la L limekatwa kwa ajili ya chumba cha mraba. Kina chake ni kama futi 3, toa kwenye futi 8 na nusu, unabaki na futi 5 na nusu, weka stuli ya chai, weka miguu ya wageni, aliyekaa ndani akitaka kwenda kutawadha wote wasimame. Na lile dari la mshazari je? Mtu mzima akikaa kwenye kochi utosi wake uko futi 4 na ushee kutoka chini. Pako pana futi 3 upande mmoja. Utakuwa umenunua shilingi 45,000 za kugonga wageni vichwa.

Tena hatujafika kwenye kulipitisha. Mie mwaka niliohamia Mkomani nilinunua kochi la watu watatu, fundi akaniapia litapita, likaja kwa boti vizuri, hamali wakalivuta kwa mkokoteni Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, vizuri, kuingia kichochoro cha kwetu likakwama kwenye pembe. Mbele haliendi nyuma halirudi, punda wamesimama upande huu na upande huu. Likatolewa na lile plastiki yake likawekwa nje karibu na msikiti likakaa siku mbili, na wazee wakalikalia, siku ya pili nikipita wananisalimia "ahsante mama kwa baraza". Mwishowe lilikatwa msumeno katikati. Mpaka leo halikai sawa. Kwa hiyo kitu chochote kikubwa kabla hujalipa hata shilingi, pima kichochoro kwenye pembe, pima mlango, si ukuta peke yake.

Friza la mumeo wazo la pesa si baya na usimkatae kama vile ni upuuzi, lakini pale halikai. Friza latoa joto nyuma na ubavuni, lataka hewa, ukilibana chini ya ngazi litafanya kazi mchana kutwa na tokeni za stima zitakwisha kabla ya barafu. Mfuniko wake unafunguka kwenda juu, utagonga dari. Chumvi ya ukuta ule italila bati miaka miwili hutoamini macho. Na mwambie hili polepole wakati ameshakula: mnunuzi wa barafu atapita wapi? Apite mlangoni, apite sebuleni, afike mpaka kule mwisho wewe umekaa na kanga yako ya nyumbani? Kama mnalo daka, ile baraza ya pale mlangoni, biashara ikae huko, apige mtu hodi apewe barafu yake arudi. Friza lenyewe mtalitafutia mahali pakavu, lakini si suala la kona tena.

Sasa ukuta. Huo unga mweupe ni chumvi mwanangu, si uchafu, ndo maana ukifagia warudi. Jiwe la matumbawe hunyonya maji ya ardhini kama kitambaa, na maji ya Amu yana chumvi, yakipanda ukutani yakikauka maji yanaondoka chumvi inabaki, inavimba inasukuma chokaa nje. Kwanza chunguza alama ya unyevu imeanzia wapi. Ikiwa imeanzia chini ikapanda mpaka kiunoni hivi, hiyo ni ya ardhi, kawaida. Ikiwa yashuka kutoka juu basi ni choo cha shemeji au maji ya kudekia ngazi, na hapo itabidi mpande juu mkaongee kwa adabu, hakuna rangi itakayosaidia.

Ikiwa ni ya chini, mtu atakwambia piga plasta ya saruji alafu rangi ya mafuta umalize kazi. Usikubali. Chokaa inapumua, saruji haipumui, maji yakizibiwa hapa yatapanda juu zaidi yatokee pengine, na ile plasta itabanduka bao zima. Unachofanya, uikwangue ile iliyolegea, uisugue kwa brashi kavu, narudia kavu, ukiiosha kwa maji ile chumvi inayeyuka inarudi ndani kukungoja. Ungoje kaskazi, Disemba mpaka Machi ukuta umekauka, ndo upake chokaa nyepesi nyepesi mara tatu nne, si mara moja nzito. Nayo itapukutika tena kidogo mwaka ujao, utapaka tena, ndo nyumba za mawe, zinataka kushikwashikwa. Na kwa vile mko mji wa kale, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, fundi akikwambia tutoboe zidaka mpya au tukate huo mgongo wa ngazi, muulize watu wa makavazi kwanza, na ndugu wa mumeo pia manake nyumba si yako peke yako.

Haya. Sasa nikwambie nilichokiona mie kwenye barua yako na wewe umekipita mbio. Umeandika watu watatu wanapigania kona ambayo hakuna hata mmoja wao anayeikaa, alafu mwisho kabisa, kwa mstari mmoja, ukamtaja mtu ambaye kila siku anaingia humo kwa hiari yake, wewe wamtoa. Mtoto wa miaka 8 amepata mahali pamoja tu katika nyumba nzima panapomtosha. Dari hilo linalokukera wewe kwake yeye ni pango. Ikiwa kitu kinatumika tayari, tena na tochi ya simu na mtungi mgongoni, basi kazi ya hiyo kona ishajulikana, kilichobaki ni kuifanya iwe salama na iwe nzuri.

Mtengenezee kibaraza. Si cha mawe, mawe yatanyonya ule unyevu na tena kesho kwenye mirathi mtaulizana nani alijenga nini, kiwe cha mbao, sanduku refu linalosimama lenyewe na kuhamishika. Urefu futi 4 kamili kufuata ukuta wa nyuma, kina kama dhiraa moja na kidogo, inchi 20 hivi, kwenda juu shubiri moja na nusu, tuseme inchi 13, alafu juu yake godoro la sponji la inchi 3 lililovishwa foronya ya zipu ufue. Kichwa cha kibaraza kiwe upande wa dari la juu, miguu upande wa dari la chini. Hapo binti anakaa ameegemea mto upande wa juu miguu ameinyoosha kule chini kusikofaa kitu kingine, na mtu mzima naye akija anakaa huo upande wa juu bila kuinama. Mbele inakubakia kama futi 1 na nusu za sakafu, tandika mkeka.

Mfuniko uwe wa bawaba, vipande viwili usiwe mmoja mzito ukamwangukia mtoto vidole, na ndani ndo zinaingia laifujaketi za baba yake. Mwambie fundi akiinue kwa miguu, vidole vinne kutoka sakafuni, na akiache mbali na ukuta vidole vinne vilevile, na atoboe matundu nyuma, upepo upite, la sivyo mvua za masika zikija utafungua ukutane na ukungu. Usikubali zile mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi, zinang'aa dukani lakini kwa hewa yetu zinavimba kama mkate uliolowa. Mbao ya mwembe ni nafuu ila iwe imekauka na imetiwa dawa ya wadudu. Skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu, hapo usibane pesa. Mafundi wa hapo hapo Amu wanaweza kazi hii kwa macho yamefungwa, hakuna haja ya Mombasa wala Mokowe, na itakugharimu sehemu tu ya lile kochi.

Mwanga, chokaa nyeupe peke yake itakusaidia zaidi ya unavyodhani. Ongeza kioo, si lazima kikubwa, ukutani upande ambao ukisimama mbele yake unaliona dirisha ndani yake, kitalileta dirisha mpaka kule. Usiku taa ndogo ya LED ya kuchaji, ile ya kubana, umpumzishe na simu yako. Ekstenshen iondoke kwenye ukuta wenye unyevu kabisa, TV ihamie upande wa soketi, sio soketi ihamie kwa TV.

Mavyaa. Hapa nenda taratibu. Kabati la vioo halitasimama chini ya futi 6 zenye mshazari na unalijua hilo, na yeye pia analijua, mie nakuhakikishia hajaja na tepu kwa sababu hataki kupima. Anataka kitu chake kionekane kwenye nyumba aliyozalia watoto. Basi Ijumaa hii mfuate wewe Mkomani usingoje aje, ukae naye, umwambie Mama nataka unichagulie vyombo vitatu vinne kutoka kwenye kabati vikae kwangu. Akikupa dele la kahawa na sahani za kaure mbili tatu, fundi akuongezee rafu ya wima upande wa dari la juu, nyembamba, kina shubiri moja tu, matundu matatu juu kwa juu mfano wa zidaka, nayo isimame kwa miguu yake isipigiliwe ukutani. Juu kabisa sahani za bibi, katikati dele, chini vitabu vya mjukuu. Akija kwako kuswali alasiri mpe ule upande wa juu wa kibaraza, amwone na mjukuu wake anavyosoma. Usimwelezee kitu kingine.

Ila usimwite fundi wiki hii. Kwanza toa kila kitu kwenye kona, kila kitu, baiskeli isiyo na mwenyewe mpe fundi baiskeli hata bure, vigae vipange juu ya dari la choo, feni ama itengenezwe ama iende. Alafu iache tupu siku saba na mkeka mmoja na mto mmoja basi. Utaona vitu vinajirudisha usiku kama paka wa Amu, leo mwavuli kesho ndoo, vitoe tu. Angalia saa ngapi pana joto, mbu wanatokea wapi, mlango ukifunguka unafika wapi, nani anakwenda kukaa bila kuitwa. Chora kibaraza sakafuni kwa chaki kwa vipimo nilivyokupa, mwambie mumeo apite hapo amebeba sinia la chai uone kama anakanyaga mstari. Akikanyaga punguza kina kiwe inchi 18, usipunguze urefu.

Zile pesa za kochi ulizoziweka usizitaje kwa mtu kwa sasa hivi, zitapata kazi. Na huyo binti leo akitoka chuoni usimtoe, muulize anataka foronya ya rangi gani.

Shangazi